Injini ya nje au ya ndani? Anza na mahali boti itakapolala

Wanunuzi wengi hukimbilia kuuliza nguvu za farasi. Swali la kwanza liwe hili: boti italala wapi? Kama maji yakipwa inakaa mchangani, au kila safari inapandishwa kwenye trela, chukua injini ya nje, ile inayofungwa nyuma ya boti. Unaiinua, rafadha (propela inayosukuma boti) inatoka majini. Kwenye injini ya ndani, shafti na rafadha hubaki chini ya boti muda wote. Ukigonga mwamba, shafti hupinda na boti haina budi kupandishwa nchi kavu.

Tatizo tunalolikuta mara nyingi kwenye injini za nje ni urefu wa mguu, yaani sehemu inayoshuka majini. Huuzwa za inchi 15, 20 na 25, na lazima ulingane na kimo cha ubao wa tezi, ule wa nyuma ya boti unaobeba injini. Bati lililo juu ya rafadha likae sawa na tumbo la boti. Likiwa juu mno, rafadha hunyonya hewa: injini inapiga kelele, boti haiendi. Likiwa chini mno, boti huwa nzito na maji hurukia nyuma.

Ukitoka baharini, isafishe injini ndani kwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Usiiwashe kavu hata kidogo, impela ya mpira, inayosukuma maji ya kuipoza injini, huharibika upesi. Oili ya gia ibadilishwe kila saa 100 au kila mwaka. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yamepenya kwenye sili, zile pete za kuzuia maji. Fungua rafadha uangalie kama mshipi wa kuvulia haujajizungusha kwenye shafti, maana ndio unaokata sili hizo.

Injini ya ndani, hasa ya dizeli, tunaipendekeza kwa boti nzito ya safari ndefu. Uzito unakaa chini katikati, na boti hutulia. Ila shafti inapopita tumboni, kwenye kifungio cha kamba za mafuta, matone machache ya maji kwa dakika ni ya lazima inapozunguka, kwani ndiyo yanayoipoza. Ukikaza hadi pakauke, shafti inapata moto na kulika.

Kama ni ya petroli, washa feni ya ngama (sehemu ya chini kabisa ndani ya boti) dakika 4 kabla ya kuwasha injini, kisha nusa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutuama huko chini, na cheche moja inatosha kulipua boti. Ukisikia harufu, usiwashe. Tafuta kwanza panapovuja.