Kipimo kusema virusi havionekani sio kupona, usiache ARV

Dada umeuliza kama uache ARV, dawa zako za VVU, kwa vile baada ya maombezi umeambiwa umepona. USIACHE. Hiyo karatasi ya HVL, kipimo cha wingi wa virusi kwenye damu, iliyoandikwa virusi havionekani maana yake dawa zinafanya kazi, sio kwamba vimeisha, vimelala ndani ya seli na ARV haiui kirusi kilicholala, ukiacha dawa ndani ya wiki chache vinajaa tena kwenye damu.

Mdogo wangu alipewa maneno hayohayo. Akasimamishwa madhabahuni na karatasi yake, vigelegele, akaambiwa kumeza tena ni kumdharau Mungu, na sisi nyumbani tukanyamaza tusije tukaonekana hatuna imani. Mwanzoni alikuwa mzima kabisa, ananenepa, hapo ndipo kila mtu akaamini. Kikaja kichwa, kichwa hakisikii panadol, shingo ikakaza, na bado akapelekwa kwenye maombi kwanza ndo hospitali baadaye!! Wakamtoa maji ya uti wa mgongo wakakuta fangasi wameshafika kwenye ubongo. Yupo hai, ila macho hayajarudi. Na huyo mchungaji aliyekuwa anamtembeza kila ibada kama ushuhuda wake wodini hakukanyaga hata siku moja, simu hapokei, na juzi nasikia bado anawaambia wengine waache dawa. Inaniuma sana.

Wasikutishe na Biblia pia. Hezekia aliomba, Mungu akamjibu atamponya, na bado Isaya akaagiza tini ziwekwe kwenye jipu, soma 2 Wafalme 20. Wale wakoma kumi Yesu mwenyewe aliwatuma kwa makuhani wakakaguliwe. Na 2011 si tulijazana Samunge, Loliondo, kwa Babu Mwasapila kunywa kikombe chake cha dawa ya kuponya, sh 500, wapo walioacha ARV baada ya kunywa wakarudi kliniki wamebebwa.

Aliyekuandikia dawa ndiye peke yake wa kukuachisha, basi. Ombewa, funga, toa sadaka, kidonge meza. Mchungaji akibisha mwambie mwende wote CTC, kliniki yako ya VVU, akayaseme hayo mbele ya daktari.

Na kama umeshaanza kuruka siku usijipangie mwenyewe leo unameza kesho unaacha, hivyo ndivyo virusi vinavyopata usugu. Nenda CTC kesho asubuhi, waambie ukweli wote, waombe wakupime HVL upya.