Re: Kamba (prawns) kutoka Mombasa wanafika Kisumu wakinuka

Sasa ndugu, umesema kamba wako wanatoka Mombasa jioni kwa basi, wakifika Kisumu asubuhi vichwa vishakuwa vyeusi na wananuka amonia, alafu hata ukiwatia friza harufu haiishi. Haitaisha, friza haiui bakteria wote, inawalaza tu, ukiyeyusha wanaendelea na kazi.

Anza na boksi. Langu nilikuwa nikifungua nakuta wale wa chini wanaogelea kwa maji ya barafu, ya kahawia hivi, yananata vidoleni, kumbe uozo ulikuwa unaanzia huko. Weka kreti ndogo chini maji yashukie hapo (ukitoboa boksi makanga atakuchemkia), panga barafu, kamba, barafu, na muuzaji akate vichwa mapema, maana tumbo la kamba liko huko kichwani. Ule weusi wenyewe si bakteria, ni vimeng'enya (enzymes) vyake tu. Harufu ndiyo mbaya, hao tupa.

Usiyeyushie mezani, ni kwa friji usiku, nyuzi 4 kushuka, na uwapike waive kabisa, kuna bakteria wa Vibrio wa maji ya bahari, moto huwamaliza. Friji yako sijaiona, kwa hivyo ipime na kipimajoto kwanza.