Michezo ya video na kodi: studio changa ya Kampala iiombe serikali nini?

Swali: Sisi ni vijana wanne wa Ntinda, Kampala. Tunaunda mchezo wa simu unaotokana na omweso, yaani bao la Kiganda, na hatutarajii kuuuza kabla ya miaka miwili. Tumealikwa kutoa maoni kuhusu namna serikali inavyoweza kuikuza sekta hii. Je, tuombe msamaha wa kodi kama wanaopewa wawekezaji wengine?

Jibu: Ndugu zangu, nimefurahi kwamba mmeuliza kabla ya kwenda, kwa sababu ombi mlilolitaja ndilo litakalowafaa kidogo kuliko yote. Msamaha wa kodi ya mapato hufuta kodi inayotozwa kwenye faida, na studio inayounda mchezo wake wa kwanza haina faida yoyote. Asilimia 30 ya sifuri, ambayo ndiyo kodi ya kampuni nchini Uganda, ni sifuri. Tena msamaha wenyewe upo tayari: marekebisho ya sheria ya mwaka 2025 yanazisamehe kwa miaka 3 biashara zilizoanzishwa na raia baada ya tarehe 1 Julai 2025, zenye mtaji usiozidi shilingi milioni 500. Kama mnastahili, msiache kuudai. Lakini hesabuni vizuri, maana miwili kati ya miaka hiyo itakuwa imekwisha kabla hamjauza chochote. Isitoshe, msamaha huo haugusi kinachowabana kila mwezi, yaani mishahara, ambayo juu yake mwajiri huchangia asilimia 10 kwa NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na tangu mwaka 2022 wajibu huo humhusu hata mwenye mfanyakazi mmoja.

Nchi kadhaa zimeamua kusaidia gharama za uundaji. Mfano ulio wazi zaidi ni utaratibu ulioanza Uingereza mwaka 2014, ambao sasa unabadilishwa na mwingine. Studio yenye hasara iliruhusiwa kuisalimisha hasara hiyo kwa serikali, yaani kuacha haki ya kuikata kwenye faida ya baadaye, na kulipwa fedha taslimu, asilimia 25 ya gharama zinazokubalika, na gharama hizo hazikuzidi asilimia 80 ya gharama zote za msingi. Tuseme mmetumia shilingi milioni 100 kwa wachoraji, waandika programu na watunzi wa muziki: mngehesabiwa milioni 80, nanyi mngepokea milioni 20, hata kama hamjauza nakala moja. Ufaransa ilianza na asilimia 20 mwaka 2008, ikapandisha hadi 30 mwaka 2017. Australia nayo hutoa asilimia 30 tangu Julai 2022, ila kwa anayetumia angalau dola 500,000 za nchi hiyo, kiwango ambacho kingewafungia nje ninyi na studio nyingi za ukubwa wenu. Rasimu yoyote mtakayoonyeshwa, tafuteni kwanza kiwango cha chini.

Kuna udhaifu mmoja ambao watunga sera husahau kuutaja. Malipo ya namna hii huja baada ya mwaka wa hesabu kufungwa na ritani ya kodi kuwasilishwa, kwa hiyo lazima studio iwe na fedha za kutanguliza, na benki zetu hazikopeshi kwa dhamana ya mchezo usiokamilika. Ndiyo maana ningewashauri muombe mambo mawili kwa pamoja: ruzuku ndogo ya kutengeneza sampuli ya mchezo, inayoweza kupitia Wizara ya TEHAMA, ambayo tayari ina kituo cha ubunifu kule Nakawa, kisha rejesho la gharama kwa mchezo unaoendelea hadi sokoni.

Hazina itauliza taifa litapata nini. Uingereza ilijibu kwa kipimo cha utamaduni chenye alama 31, ambapo mchezo ulihitaji 16 ili ukubaliwe. Quebec, nchini Kanada, kwa miaka mingi ilitoa asilimia 30 ya mishahara, na 7.5 zaidi kwa mchezo wenye toleo la Kifaransa. Hapo ninyi mna hoja nzito: omweso wenye mashimo 32 na kete 64, katika Kiganda, Kiacholi na Kiswahili, ungepita kipimo kama hicho bila kubembeleza, na nyongeza ya lugha ingewalipa watafsiri na waigizaji wa sauti wa hapahapa.

Kuanzia mwezi huu, andikeni saa ambazo kila mmoja anazitumia kwenye mchezo, na mlipane kupitia benki au simu kwa jina la kampuni. Mpango wowote utakaopitishwa utalipa gharama zenye ushahidi tu.