Usimsagie Mama Kidonge Hiki: Majibu kwa Maswali Yenu

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu dawa zilizotengenezwa zitoke kidogo kidogo, si kwa mkupuo. Nimeyaweka maswali hayo pamoja.

Shikamoo mfamasia. Mama ana presha, na tangu apate kiharusi vidonge vinamshinda kumeza. Namsagia nifedipini "retard" kwenye uji. Kuna ubaya? (Binti, Ngamiani)

Marahaba mwanangu. Ubaya upo, tena mkubwa, na nakuomba uache leo. Kidonge hicho cha miligramu 20 kimetengenezwa kitoe dawa taratibu kwa saa 12 hivi. Ukikisaga, dawa ya nusu siku inaingia kwenye damu kwa mara moja: mishipa inatanuka ghafla, moyo unakwenda mbio, presha inaporomoka, mgonjwa anaona kizunguzungu na anaweza kuanguka. Kwa aliyewahi kupata kiharusi, presha ikishuka hivyo ubongo unaweza kukosa damu ya kutosha. Halafu kabla ya dozi inayofuata dawa imeshaisha, presha inapanda tena.

Lakini usimwachishe dawa. Mwambie daktari wazi kwamba mama hawezi kumeza, na kama huwa anapaliwa, hilo nalo alijue. Kuna dawa kama amlodipini ambayo kwa asili yake hukaa mwilini muda mrefu; hiyo hata ikisagwa haiharibiki mpangilio.

Kwenye pakiti tafuta herufi SR, XR, ER, MR, LA, au neno "retard"; ndizo zinazoonyesha kwamba kidonge kinatoa dawa taratibu. Vichache kati ya vidonge hivyo vinaruhusiwa kukatwa penye mstari, ila kusaga na kutafuna hapana. Inaniuma sana kuona watu wanapewa vidonge vilivyomiminwa kwenye kibahasha, maana herufi hizo zinabaki kwenye kopo dukani na anayemuuguza mgonjwa hazioni kamwe. Dai jina kamili la dawa liandikwe, pamoja na herufi zake.

Natumia metformini XR ya kisukari. Mara nyingine naona kitu kama kidonge kizima chooni. Dawa inapita bure? (Mzee, Chumbageni)

Haipiti bure, mzee wangu. Kidonge hicho kina aina ya selulosi ambayo ikikutana na maji tumboni inavimba na kuwa na utelezi kama mlenda, na metformini inapenya humo polepole. Unachokiona ni mabaki tu, dawa imeshatoka.

Nimewekewa kijiti kimoja cha uzazi wa mpango, cha miaka mitatu. Shoga yangu anasema kikiisha muda kinayeyuka chenyewe. (Dada, Pongwe)

Hakiyeyuki. Ni plastiki laini ya sentimita 4 iitwayo etilini vinili asetati, imebeba miligramu 68 za homoni. Wiki za mwanzo hutoa maikrogramu 60 hadi 70 kwa siku. Mwisho wa mwaka wa tatu hutoa 25 hadi 30. Homoni inapungua, plastiki inabaki palepale. Muda ukifika, rudi kituoni kitolewe na aliyefunzwa kazi hiyo.

Kwa nini hakuna insulini ya kumeza kama vidonge vyangu vingine? Na kwa nini ya kwangu ina rangi ya maziwa? (Mwalimu mstaafu, Pangani)

Insulini ni protini, na tumbo huimeng'enya kama protini yoyote ya chakula. Ndiyo maana ya sindano. Rangi ya maziwa ina historia nzuri: mwaka 1936 mtafiti Hagedorn wa Denmark na wenzake waliiunganisha insulini na protamini, protini inayopatikana kwenye manii ya samaki, ikawa chembechembe zinazoyeyuka polepole chini ya ngozi. Mwaka 1946 ikaja insulini ya aina hiyo iitwayo NPH, ambayo huenda ndiyo unayotumia. Chembe hizo hutuama, kwa hiyo viringisha kichupa taratibu kati ya viganja hadi rangi ilingane. Usipofanya hivyo, leo utajidunga pungufu na kesho utazidisha. Ila ile insulini iliyo angavu, ikipoteza uangavu wake, itupe.

Nimeuziwa dawa ya wadudu yenye herufi CS kwa michungwa yangu. Muuzaji anasema haina madhara kwa sababu imefungwa ndani ya vijipira vidogo. Nifuge nyuki palepale? (Mkulima, Muheza)

Muuzaji amekupa nusu ya habari. Ni kweli, sumu imefungwa ndani ya vijipira vya polima, yaani kitu kama plastiki, hivyo hukaa muda mrefu kwenye jani na hupungua kugusa ngozi ya anayepulizia. Glovu na barakoa usivue hata hivyo.

Kwa nyuki ni hatari kubwa. Miaka ya 1970 huko Marekani, dawa ya aina hii iitwayo Penncap-M ilileta maafa mizingani. Vijipira vyake vilikaribiana ukubwa na chavua, nyuki wakavibeba pamoja na chavua hadi nyumbani, wakavihifadhi, na sumu ikaendelea kuua humo. Sumu ya kawaida mara nyingi humuua nyuki akiwa shambani. Hii alisafiri nayo.

Kwa hiyo michungwa ikichanua, usipulizie kabisa, na magugu yenye maua chini ya miti yafyeke kwanza. Jirani mwenye mizinga mwarifu mapema. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna zisome kwenye lebo ya chupa hiyohiyo, usikadirie kwa dawa uliyotumia msimu uliopita.