Meli kurudi bandari ile ile haikuondolei pasi wala visa

Swali: Mimi na mzee tunafikisha miaka 20 ya ndoa Septemba na watoto wametuchangia twende kruzi ya siku nne, tunapandia Piraeus kule Ugiriki, meli inapitia Kusadasi, Patmos na Santorini halafu inarudi Piraeus. Pasi ya mzee inaisha Novemba. Ajenti mmoja hapa tao anasema pasi iko sawa bora haijaisha, na visa ya kuingia mara moja inatosha juu meli ni moja na inarudi ilikotoka. Pia nimesoma kwa intaneti kwamba kruzi kama hii unaeza enda na cheti cha kuzaliwa na kitambulisho tu. Tumuamini? Mama wa watatu, Donholm.

Jibu: Mama, hongereni kwa hiyo miaka 20. Msimlipe huyo ajenti.

Hiyo ya cheti cha kuzaliwa naisikia karibu kila wiki. Sheria yenyewe iko kweli, lakini ni ya Marekani na ni ya raia wa Marekani, wakipanda meli kwa bandari ya huko, wazunguke visiwa vya Karibi na warudi bandari ile ile. Sasa ndugu zetu waliochukua uraia huko wanaisoma, wanatumia wazazi linki kwa WhatsApp, na mtu wa Donholm anaona ni yake pia. Si yako. Mwenye pasi ya Kenya haimhusu, na kwa kruzi ya Ugiriki hata haingii kwa hesabu.

Lakini kile kinaniumiza zaidi ni hii imani ati ukiwa baharini uko mahali pamoja tu, ati meli ni kama hoteli inayotembea. Kusadasi iko Uturuki, na Uturuki haiko Schengen, lile kundi la nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, Ugiriki ikiwemo. Meli ikitoka Ugiriki ikaenda Kusadasi mmeshatoka Schengen, ikifika Patmos mnaingia upya, na visa ya kuingia mara moja hapo imeshatumika, haijalishi kitanda chenu ni kile kile na sanduku halijafunguliwa. Mnahitaji ya kuingia mara nyingi, na mtaiomba waziwazi, mkiambatanisha ratiba ya meli yenye jina Kusadasi ili ubalozi uone sababu. Uturuki nayo ina masharti yake kwa abiria wa kruzi, hayo mwambie kampuni ya meli iwajibu kwa maandishi kabla hamjalipa chochote.

Pasi ya mzee haiko sawa. Schengen wanataka pasi iwe hai angalau miezi mitatu baada ya siku unayotoka kwao, iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, na iwe na kurasa mbili tupu. Septemba mpaka Novemba haifiki, na kampuni nyingi za meli hutaka miezi sita kabisa. Sasa aanze na pasi ndio visa ifuate, juu visa inabandikwa ndani ya pasi. Anaomba mwenyewe kwa eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, ya kurasa 34 ni shilingi 7,550, halafu anaenda ofisi za uhamiaji Nyayo House kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Hizo alama hakuna ajenti anaeza kumpelekea, kwa hivyo sijui watu hulipia nini. Visa ni yuro 90, bima iwe ya angalau yuro 30,000, na unaomba kuanzia miezi sita kabla ya safari, isipungue siku 15.

Na msidhani mtajitetea pale kwa kaunta. Kampuni inayoleta Ulaya abiria asiye na makaratasi hupigwa faini, inaeza kuwa maelfu ya yuro kwa mtu mmoja, kwa hivyo yule kijana wa kaunta hana ruhusa ya kuwaonea huruma. Mnaeza rudishwa hapa hapa JKIA na pesa ya watoto iende hivyo.

Ajenti wa kukosea sheria ata ni afadhali. Kuna wale wa "visa garantii", anakutengenezea stetimenti ya benki yenye pesa hujawahi kuona, barua ya kazi ya kampuni hujawahi kufanya, bukingi ya hoteli anaifuta ukishapeleka fomu. Alikuja kwangu mwalimu mstaafu, amenyimwa visa kwa sababu ya stetimenti feki ambayo hata hakuwa amesoma, yeye aliambiwa tu weka sahihi hapa. Sahihi ni yake, basi kosa ni lake. Jibu kama hilo linaingia kwa mfumo wa visa wa Schengen unaosomwa na nchi zote 29, na linakaa miaka mitano. Alikuwa anataka kuona mjukuu Ujerumani. Nilisoma ile barua mara tatu nikitafuta pa kushika, sikupata, nikamsaidia tu kuandika rufaa.

Kwa hivyo rudini kwa huyo wenu mmuulize kitu kimoja: aandike kwa karatasi yenye jina la ofisi yake na sahihi kwamba visa ya mara moja itawatoa Kusadasi na kuwaingiza Patmos. Akianza "niamini tu mathe", chukueni pasi zenu kwa meza yake muondoke nazo siku hiyo hiyo.