Fildi Arusha na Moshi: kwa wadogo zangu mnaosoma biashara

Mimi nilisoma Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, fildi nikaifanyia Arusha kwenye ofisi ya hesabu ya kampuni ya utalii, na siku hizi ndiye ninayewapokea wanafunzi wa mafunzo kwa vitendo pale ninapofanya kazi. Ninachowaandikia ni yale ninayotamani kila mmoja wenu awe ameyasikia kabla hajafika mapokezi na bahasha yake.

Kwanza, acheni kubanana mlango mmoja. Ikifika wakati wa fildi, wa Chuo cha Uhasibu Njiro na wa Ushirika wote wanaelekea benki, TRA (mamlaka ya mapato), mamlaka ya maji na TANAPA (hifadhi za taifa). Ni sehemu nzuri, na ukipata, nenda. Ila pesa ya miji hii miwili inazunguka zaidi kwenye safari za watalii na kwenye kahawa, na huko wanafunzi wanaobisha hodi ni wachache. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa Kilimanjaro, ipo Moshi tangu 1933, vyama vya msingi vya wakulima viko mlimani kila upande, na bado mtu anamaliza shahada ya biashara hapo hapo bila kukanyaga hata ofisi moja ya AMCOS, yaani hivyo vyama vya msingi.

Ningekuwa mwanafunzi leo, huko ndiko ningeanzia. Mkulima analeta kahawa ya maganda, inapimwa, anaandikiwa stakabadhi, anapewa malipo ya awali. Kahawa inakwenda kukobolewa, inauzwa mnadani, ndipo malipo ya pili yanarudi kwa mkulima baada ya makato. Ukiifuata gunia kwa gunia kwenye vitabu, utaelewa mdai na mdaiwa ni nani, na kwa nini mzee aliyeleta kilo zake Agosti anauliza hesabu yake miezi mingi baadaye. Yule mzee anasubiri ada ya mtoto. Hesabu ikikosewa, ni kwake inakokosewa.

Halafu kuna suala la muda, ambalo wengi hawaambiwi. Kampuni za utalii Arusha zinazidiwa na kazi kuanzia Juni hadi Oktoba. Ukienda kuomba nafasi Julai, mhasibu hana hata dakika ya kusoma barua yako. Nenda wakati wa masika, Aprili na Mei, wageni wakiwa wachache. Hapo utamkuta mezani, ametulia, na huenda akakuambia ukae mzungumze. Barua pepe tuma, lakini pia nenda kwa miguu yako. Zunguka Njiro, Sakina, maeneo ya Mnara wa Saa, uliza getini kwa adabu. Acha barua, omba nakala yako igongwe mhuri wa kupokelewa, chukua namba ya aliyeipokea, na baada ya wiki moja piga simu.

Barua ya utambulisho ya chuo peke yake haikutofautishi na mtu, maana ni ileile kwa wote. Iambatanishe na ukurasa mmoja wako mwenyewe. Usiandike kwamba una bidii na unaweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Kila mtu anaandika hivyo. Andika hivi: “Naweza kupanga na kuingiza stakabadhi kwenye Excel, na nimefanya mazoezi ya kusuluhisha taarifa ya benki na daftari la fedha. Ningependa kujifunza jinsi mnavyoandaa ritani ya VAT.” (Ritani hiyo ni taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani inayopelekwa TRA.) Sentensi kama hizo zinamfanya mhasibu afikirie papo hapo kazi atakayokupa. Mimi nikiisoma barua ya namna hiyo, namwita mwenye nayo.

Sasa umepata. Siku za mwanzo utapewa boksi la risiti uzipange kwa tarehe, na utasikia rohoni kwamba unapotezewa muda. Tulia. Risiti ndiyo kazi yenyewe. Chukua moja aliyoleta dereva, isome: ina TIN, yaani namba ya mlipakodi, ya muuzaji? Jina la kampuni limeandikwa, au dereva alikubali itoke bila jina? Kiasi kinalingana na vocha? Aliyeidhinisha amesaini? Kwenye manunuzi yenye VAT, ile 18% kampuni inaidai kwa ushahidi wa risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kielektroniki, na ritani inatakiwa kufika tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Risiti ikipotea, ni pesa imepotea. Na karatasi ya EFD inafifia. Ikikaa juani kwenye dashibodi ya Land Cruiser inageuka nyeupe kabisa. Kwa hiyo toa kopi mapema, ibane pamoja na risiti halisi. Mwanafunzi akinifanyia hilo bila kuambiwa, kesho yake nampa taarifa ya benki aisuluhishe, yaani ailinganishe na daftari letu la fedha.

Kwenye taarifa ya benki ndipo utalii unapofundisha. Wakala wa nje ametumiwa ankara ya dola 2,400, zimeingia 2,365. Usikimbilie kuandika kwamba mteja anadaiwa 35. Uliza: benki za njiani zimekata? Tulikubaliana makato abebe nani? Tutumie kiwango gani cha kubadilishia dola, cha siku ya ankara au cha siku pesa ilipoingia? Darasani majibu haya ni mistari miwili. Ofisini utawauliza watu watatu, na kila mmoja ana kipande chake cha jibu.

Salimia watu wote, kuanzia mlinzi na dada wa usafi. Wakubwa waamkie shikamoo hata kama wana cheo kidogo. Usipige picha nyaraka za ofisi, na ukiona mishahara ya watu, isitoke mdomoni mwako. Logibuku, lile daftari la kazi zako za kila siku, ijaze kila jioni, ukitaja kazi halisi uliyofanya, maana msimamizi wa chuo akija atakuuliza hapo hapo.

Kuhusu nauli, uliza mapema na bila aibu. Ofisi nyingi hazilipi chochote, nyingine zinatoa nauli na chakula cha mchana. Wenye mkopo, pesa ya mafunzo kwa vitendo msiihesabu hadi iingie. Pangeni kukaa karibu na kituo kama mna ndugu huko.

Wiki ya mwisho, usiridhike na barua inayosema tu kwamba ulihudhuria. Mwandalie msimamizi wako rasimu fupi ya kazi ulizozifanya: stakabadhi za miezi ipi ulizipanga, taarifa za benki zipi ulizisuluhisha, ritani ipi ulisaidia kuiandaa. Mwombe aipitie, arekebishe, asaini na kugonga mhuri angali anakukumbuka, kisha mwachie faili zako zikiwa na majina yanayoeleweka ili atakayekuja baada yako azikute.