Baiskeli ya umeme kwa mrefu wa kilo 128

Ndugu yangu, nimekusoma, unauliza ununue baiskeli gani ya umeme: mita 1.95, kilo 128, Bamburi hadi Kizingo kila siku kupitia daraja la Nyali, Mombasa. Mimi nina kilo 115, na njia hiyo naijua.

Kabla ya bei, soma kibandiko cha uzito kwenye fremu. Nyingi huandikwa kilo 120, na mara nyingine hesabu hiyo ni pamoja na baiskeli yenyewe. Wewe tafuta 150 kwenda juu. Ya kwanza yangu ilikuwa na mota kwenye gurudumu la nyuma. Spoki tatu zilikatika mwezi mmoja, tak, tak, kama kuni kavu. Sasa natumia yenye mota pale kwenye pedeli, na rimu ya spoki 36. Breki? Diski zinazosukumwa kwa mafuta, basi.

Panda kwanza, ukanyage pedeli hadi chini: goti libaki limekunjika kidogo tu. Bomba la kiti usilivute kupita alama yake.

Betri, zidisha volti kwa ampea-saa: 36 kwa 10 ni wati-saa 360, haikutoshi kwa raha. Anzia 600. Ikivimba, usiichaji tena. Ipeleke kwa fundi wa betri, si yule wa pancha.